Laptopu ya Kuchomoa

Mzee Mselemu alifariki akiwa bado anaijaribu laptopu ya binti yake. Angekuwa mtu wa kuamini vitu upesi kama wafanyabiashara wenzake, habari hii isingekuwepo, na Hanifa leo angekuwa anachora nyumba za watu. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo, na Singida mjini walimjua. Dukani kwake hukutoka na tochi ambayo haijawashwa mbele ya macho yako, wala redio ambayo haijapitishwa stesheni zote, wala chupa ya chai ambayo haijashinda na maji ya moto tangu asubuhi ikajulikana kama inatunza joto au inajifanya tu. Mteja mwenye haraka aliambiwa kwa upole aende duka la jirani. Wengine walimwona msumbufu, na hawakukosea. Hata hivyo walirudi.

Hanifa, kitinda mimba na binti wake wa pekee, alikulia ndani ya kusubiri huko. Viatu vya sikukuu ya Idi alivivaa baada ya baba kuvikunja na kuvikunjua mpaka soli ikakiri yote iliyokuwa inaficha. Saa yake ya kwanza ya mkononi ilikaa juu ya kabati la baba ikilinganishwa na adhana, na ilipogundulika kwamba inachelewa, ilirudishwa ilikotoka, naye akabaki mkono mtupu hadi ilipopatikana nyingine. Hakulalamika. Alikuwa ameshajua kwamba baba yake hakuwa na namna nyingine ya kupenda watu.

Kazi yenyewe ilikuja kwa simu. Hanifa alisomea uchoraji wa ramani za majengo Dodoma, akiazima kompyuta za wenzake wakati wao wanakula au wanafua. Alimaliza vizuri, akarudi nyumbani, na nyumbani ikawa kupika, kufua na kufuta vumbi kwenye sufuria za dukani, maana upepo wa Singida hauna huruma na sufuria. Mwaka ulikatika, mwingine ukaanza, na cheti kikawa kimetulia ndani ya sanduku la mama yake pamoja na kanga za sikukuu. Ndipo Loyce, aliyesoma naye na sasa ameajiriwa huko huko Dodoma, alipopiga.

"Bosi wangu anataka mtu wa kuchora," alisema. "Wala huhitaji kuhama. Unachora ukiwa Singida, unatuma. Ila uwe na mashine yako, tena ile ya kuandika kwa kalamu juu ya kioo, maana mama huyu anasahihisha kwa kalamu. Tunaanza mwezi ujao. Nimeshamtajia jina lako, usiniangushe."

Hanifa alimweleza baba yake akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu, kama huyo bosi ni mwanamke, akaambiwa ndiyo. Siku zilizofuata hakulitaja tena jambo hilo, na Hanifa akaanza kukata tamaa kimya kimya. Kumbe mzee alikuwa ameshampigia mtu wake wa Kariakoo, yule anayemletea mali ya duka. Laptopu ikaja na basi, ndani ya mzigo mmoja na chupa za chai na pasi za umeme, ikiwa kwenye boksi lake, imezungushiwa makaratasi.

Ilikuwa ni ile ya kuchomoa. Ukiitazama imefungwa ni laptopu nyembamba ya kawaida. Ukivuta kioo kinaachana na kibodi na kuwa tableti, unaibeba mkononi kama sahani, na ubavuni imebandikwa kalamu yake. Abdulhamidi, kaka mkubwa aliyekuwa akimsaidia baba dukani, alikichomoa kioo na kukirudisha mara kadhaa, akacheka kama mtoto. Mzee akamwondolea mkono.

"Hii ni ya Hanifa," alisema. "Lakini kwanza tuijaribu."

Mama yake Hanifa, Bi Rahma, alikuwepo. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akainua macho akamtazama binti yake, wakatabasamu wote wawili kwa kuwa walijua safari hiyo itakavyokuwa.

Basi majaribio yakaanza, kila siku baada ya swala ya alasiri, barazani. Mzee alianza na ubaya, kama kawaida yake, akidai uzuri hauna haraka. Aliiweka mezani, ikasimama vizuri. Akaiweka mapajani, ikaanguka chali, kwa sababu vitu vyote vya maana vimo ndani ya kioo na kibodi ni jani tu. "Kichwa kizito kuliko kiwiliwili," alisema. "Huyu hawezi kukaa mkao wa heshima." Akaitoa uani kwenye jua, kioo kikageuka cha kujitazamia, akaona ndevu zake badala ya kazi. Akaandika jina lake kwenye kibodi, akasema vitufe ni vifupi mno, kidole hakijui kama kimebonyeza au kimeota. Tundu lilikuwa moja, uchague kuchaji au kuchomeka flashi. Na zile sumaku zinazoshikanisha vipande viwili zilizoa sindano na pini zote za cherehani ya Bi Rahma, ikabidi zitolewe moja moja.

"Kwa hiyo ni mbaya, baba?" Hanifa aliuliza, roho juu.

"Sijasema mbaya. Nasema naijua."

Kisha ukafika uzuri. Nyepesi, inaingia kwenye kikapu. Haina feni, haipigi kelele. Chaji ilishinda toka asubuhi mpaka magharibi. Lakini hayo yote aliyataja kwa kupita tu, maana kilichomteka hasa kilikuwa kalamu. Hanifa alichomoa kioo, akakilaza juu ya goti, akachora mstari, mstari ukatokea pale pale chini ya ncha, mwembamba, umenyooka, bila kusitasita. Akachora ukuta, akachora mlango kwa alama ya robo duara inayoonyesha unakofungukia. Mzee alisogea. Akauliza kile kirobo duara ni nini, akaelezwa. Akauliza mtu anajuaje ukuta ni mnene kiasi gani, akaelezwa. Kwa mara ya kwanza tangu Hanifa aende chuo, baba yake alimuuliza maswali kama anavyomuuliza fundi redio, kwa kusubiri jibu.

Kuanzia hapo, ukweli ni kwamba hakuna kilichokuwa kinajaribiwa tena. Mzee alikuwa anatafuta kasoro za kubuni ili wakae. Mara aseme mashine ijaribiwe na vidole vyenye mafuta, mara ijaribiwe kwenye upepo wa uani, mara aseme amesikia kitu kinagonga ndani wakati hakikugonga chochote. Hanifa alikuwa anajua. Mwezi wa kuanza kazi ulikuwa unakaribia na Loyce alishauliza mara mbili, lakini hakuwahi kukaa na baba yake hivyo, bega kwa bega, akiitwa kuelezea. Akaona siku chache hazitaua mtu.

Alhamisi moja, jioni, mzee aliishika laptopu kwa mikono miwili, kioo na kibodi vikiwa vimeungana, akamnyooshea.

"Chukua basi, mama," alisema. "Nimeridhika nayo. Kafanye kazi."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Hanifa aliona mikono ya baba yake, na aliona namna alivyokuwa anaitazama ile mashine, kama mtu anayemsindikiza mgeni ambaye hakutaka aondoke. Na kwao hapo, mtoto hanyakui kitu mkononi mwa mzazi kwa mara ya kwanza kinaponyooshwa. Unakataa kidogo, unamwachia nafasi, unapokea baadaye. Hivyo ndivyo alivyofundishwa hata kupokea kipande cha nyama.

"Malizia tu baba," alimwambia, akicheka. "Hujaijaribu kwenye baridi ya asubuhi."

Mzee alifurahi. Ilionekana wazi kwamba alifurahi. Akairudisha kifuani, akasema kweli, asubuhi ya Singida inaweza kuua betri, ataijaribu baada ya swala ya alfajiri. Na baada ya alfajiri, Ijumaa, alikutwa amekaa barazani kwenye kiti chake, koti limefungwa hadi shingoni, laptopu imewaka mapajani na amekwisha kukata roho.

Msiba ulipita kama misiba inavyopita, kwa watu wengi na wali mwingi. Abdulmajidi, kaka wa kati, mwenye duka la vipuri Manyoni, alikuja na familia yake. Bi Rahma aliingia eda, akavaa nyeupe, akakaa chumbani. Laptopu ilichukuliwa na mtu fulani kati ya waombolezaji ikafungiwa kabatini, na Hanifa hakuuliza. Alikuwa analia, na huwezi kulia huku unaulizia laptopu.

Baada ya hitma, kaka zake walimwita shekhe wa msikiti wao azungumze juu ya mali ya marehemu. Abdulhamidi ndiye aliyetaka hivyo. Lazima isemwe, maana watu wanapenda kumfanya mwovu mtu ambaye siyo: Abdulhamidi hakuwa mchoyo. Alikuwa mwoga wa Mungu, mwoga kwelikweli, aliyesikia mawaidha juu ya wanaokula mali ya urithi akarudi nyumbani hawezi kumeza chakula. Alitaka kila kijiko kihesabiwe mahali pake. Abdulmajidi yeye aliogopa zaidi kudhulumiwa, na hofu hizo mbili zilielewana vizuri.

Asubuhi ya kikao, Bi Rahma alimwita Hanifa chumbani. Aliongea naye Kinyaturu, lugha aliyoirudia alipochoka au alipoumia. Kisha akahamia Kiswahili ili neno lisikosewe.

"Watakuuliza kama baba yako alikupa. Sema alikupa."

"Alisema ni yangu, mama. Hilo nitasema."

"Na kwamba ulipokea. Nimewasikia wanaongea. Wanasema zawadi isiyopokelewa inarudi kwenye mirathi. Sema ulipokea. Nani atakupinga? Mimi nilikuwa jikoni. Ningeapa na wewe, lakini sikuona."

Hanifa alimpangia mama yake mto mgongoni, akatoka.

Walikaa sebuleni kwenye mkeka. Shekhe alikuwa mtu mzima mwenye sauti ndogo, asiye na haraka, aliyempenda Mselemu na aliyewahi kunyimwa tochi dukani kwa marehemu kwa sababu haikumridhisha muuzaji mwenyewe. Bi Rahma alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani. Waliongea nyumba, wakaongea duka, wakafika kwenye laptopu.

"Ilikuja kwenye mzigo wa duka," alisema Abdulmajidi. "Hapo ndipo mimi ninapopata shaka. Siyo kwamba dada anadanganya."

"Hanifa, binti yangu," shekhe alisema. "Marehemu alitamka kwamba kitu hiki ni chako?"

"Alitamka, shekhe. Kaka alikuwepo, na mama."

"Alitamka," alisema Abdulhamidi upesi, kama mtu aliyefurahi kupata cha kumsaidia. "Nilisikia mwenyewe. Akasema, lakini kwanza tuijaribu."

"Vyema. Tamko tumelipata. Sasa zawadi haitoki kwenye mali ya mtoaji mpaka aikabidhi na mwenzake aipokee. Alikukabidhi?"

"Alininyooshea."

"Ukapokea?"

Nyuma ya pazia mama yake alikohoa. Ilikuwa neno moja tu. Kila mtu kwenye mkeka ule alitaka alitamke, hata Abdulmajidi, ambaye alikuwa na safari ya kurudi Manyoni na asingebishana na kiapo cha yatima. Hanifa aliwaza ofisi ya Dodoma, na jina lake lililotajwa kwa mama asiyemjua. Aliwaza pia saa ya mkononi iliyorudishwa kwa kuchelewa kidogo tu, kitu ambacho mtoto asingegundua kamwe. Baba yake hakumpa kitu cha uongo hata siku moja. Aliona hawezi kuanza kupokea vya uongo kwa jina lake hata arobaini ya msiba haijafika.

"Hapana, shekhe," alisema. "Nilimwambia aendelee kuijaribu."

Shekhe alifumba macho kidogo. Abdulhamidi aliinamisha kichwa, na huzuni yake ilikuwa ya kweli, ambayo Hanifa aliiona ngumu kubeba kuliko kama ingekuwa tamaa. Nyuma ya pazia hakukuwa na kikohozi tena.

"Basi ni mali ya warithi," shekhe alisema. "Lakini jambo hili si zito. Binti ana fungu lake. Mgawanye leo, ahesabiwe hii ndani ya fungu lake, yaishe. Kuchelewesha mirathi siyo kuzuri."

Na ingeishia hapo, kama siyo heshima. Abdulhamidi alisema hawezi kukubali watu waanze kuhesabu sufuria na mabati juu ya kichwa cha mama yao, ambaye bado yuko eda, kana kwamba wanamfukuza. Mali isiguswe hata kitu kimoja mpaka mama atoke. Abdulmajidi akaunga mkono. Bi Rahma akasema kutoka chumbani kwamba yeye haoni usumbufu wowote, na kwamba fungu lake mwenyewe, liwe kubwa au dogo, anampa Hanifa sasa hivi.

"Mama, usiamue kitu ukiwa na majonzi," Abdulhamidi alimjibu kwa unyenyekevu mkubwa. "Watu watasema tumekurubuni."

Kwa kumheshimu mno, wakawa wamemfunga mdomo. Mambo mengi kwenye nyumba nzuri huharibiwa hivyo, na hakuna wa kumshika shati.

Loyce alisubiri mpaka mwezi ulipoanza, akaomba siku chache zaidi, bosi akampa. Hanifa alijaribu kuchora kwa simu, mistari ikawa inaruka. Alikwenda kwenye duka moja la kuchapa karatasi karibu na stendi, wakamwonyesha kompyuta ambayo ikifunguliwa programu ya ramani inakwama mpaka izimwe. Mwishowe Loyce akapiga kusema nafasi imechukuliwa na kijana wa Kondoa. Alisema pole kwa namna ya mtu ambaye naye ameaibika, na Hanifa akamtuliza.

Laptopu ilihamishiwa dukani, kwenye kabati la kioo lenye kufuli, mahali ambapo mzee alikuwa akiweka redio za thamani. Abdulhamidi aliitunza kama amana, akaisimamishia mbele boksi ililokuja nalo, ubavu tu ukabaki unaonekana. Alipitisha waya kwenye tundu la nyuma ya kabati, akaichomeka umeme, na taa ndogo nyeupe ubavuni ikawa inawaka kutwa kucha. Miaka yote dukani alimsikia baba yao akiwaambia wateja kwamba kitu cha betri kikilala bila chaji kinakufa. Alikuwa anazungumzia tochi na redio za zamani. Abdulhamidi hakujua kama kuna tofauti.

Hanifa alikuwa anafuta vumbi kwenye sufuria, na kila akipita aliiona ile taa. Siku moja ya joto, bati za duka zikiwa zinalia juu, alisimama mbele ya kabati.

"Kaka, hiyo ingechomolewa kidogo. Inachemka humo."

"Isije ikafa chaji ikiwa mikononi mwangu," alisema Abdulhamidi. "Nitamjibu nini marehemu? Sitaigusa mimi, na wewe usiiguse, mpaka siku yake. Vumilia, dada yangu."

Angeweza kusisitiza. Lakini kila aliposema neno juu ya kitu kile aliona Abdulhamidi akikaza uso kidogo, na alijua kinachopita kichwani mwake: kwamba dada yake analiwaza kabati na siyo kaburi. Hanifa hakutaka kuonekana hivyo. Akaendelea na sufuria zake.

Eda ikawa ndefu. Upepo ulibadilika, mvua za kwanza zikaja zikakata tena. Bi Rahma alikonda. Kila Hanifa alipompelekea uji aliuliza jambo lile lile, kama bado ipo, na Hanifa alijibu ipo, inawaka taa.

Wiki ya mwisho ya eda, Loyce alipiga tena. Yule kijana wa Kondoa ameondoka, amepata kazi ya serikali. "Bosi hataki tena kutafuta," alisema. "Amesema kama yule rafiki yako wa Singida yuko tayari, Jumatatu aanze. Nimemwambia mashine unayo. Unayo, si ndiyo?"

"Ninayo," Hanifa alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia njaa. Alikula viporo vyote vya mchana akiwa amesimama jikoni. Alimwambia mama yake, na Bi Rahma akalia, akasema Mungu amewasubirisha kwa makusudi.

Siku ya kutoka eda Bi Rahma alioga, akavua nyeupe, akavaa kanga ya rangi. Abdulmajidi alifika na basi la asubuhi. Shekhe alikuja, wakakaa kwenye mkeka ule ule, na mambo yakaenda vizuri ajabu. Hakuna aliyebishana. Duka litaendelea chini ya Abdulhamidi na kila mtu ana sehemu yake ndani. Nyumba ni ya mama kuishi. Ilipotajwa laptopu, Abdulmajidi mwenyewe alisema, "Hiyo mpeni mwenyewe leo leo, hata isihesabiwe kwenye fungu." Shekhe akamwombea dua. Bi Rahma alikuwa amerudi chumbani kuvaa hereni zake, mlango uko wazi, anasikia.

Abdulhamidi alikwenda dukani kuileta, akiwa na ufunguo ambao hakuwahi kuutumia tangu siku alipoifungia. Alichelewa. Aliporudi alikuwa ameibeba kwa mikono miwili juu ya kitambaa safi, na uso wake ulikuwa umepauka.

Laptopu haikuwa inafungika. Betri ilikuwa imevimba ndani, mgongo umetuna kama andazi, na kioo kilikuwa kimesukumwa nje ya fremu yake na kupasuka kutoka kona hadi kona. Upande mmoja ulikuwa umeachana kabisa, unaona nyaya. Ilitoa harufu tamu tamu, ya kitu kilichoungua polepole kwa siku nyingi. Kibodi peke yake ndiyo ilikuwa nzima, mpya, haina hata alama ya kidole.

"Sikuigusa, Hanifa," alisema kwa sauti ya chini. "Wallahi sikuigusa hata mara moja. Tangu siku ile sikufungua."

"Najua, kaka."

"Nilifuta kioo cha nje tu. Mbele kulikuwa kumefunikwa na lile boksi lake, sikuona."

"Najua."

Hapakuwa na wa kumlaumu, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Angekuwepo mwizi, angelaaniwa. Angekuwepo mtoto aliyeiangusha, angechapwa. Kila mtu alikuwa amefanya haki, kwa uaminifu, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Hanifa aliitazama mashine ambayo baba yake alikufa akiipenda, akaona hatachora, siyo Jumatatu wala siku nyingine. Fungu lake lilikuwa ndani ya sufuria na chupa za chai, na angezifuta vumbi mpaka aolewe au azeeke. Aliliona hilo lote kwa mara moja, na halikumshangaza.

Abdulmajidi aligeukia dirishani. Shekhe, ambaye hakuzijua mashine hizi na alidhani pengine ndivyo zinavyokaa, alisubiri kwa adabu kisha akasema kwamba jambo likamilishwe, warithi wameridhia, kaka amkabidhi dada mbele ya mashahidi.

Abdulhamidi alinyoosha mikono. Safari hii Hanifa hakukataa hata kidogo, akaipokea pamoja na kitambaa chake, na ilikuwa bado na joto.

"Umepokea?" shekhe aliuliza.

"Nimepokea."

Chumbani mama yake aliacha alichokuwa anafanya. Zilisikika bangili zake, kisha sauti yake, nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa miezi yote ile.

"Inawaka, mwanangu?"

Kaka zake wote wawili walimtazama. Hanifa alikunja ncha za kitambaa moja baada ya nyingine mpaka kioo hakionekani.

"Inawaka, mama," alisema.